Vijana wa kiume wa Marekani, magemu na kura: tunaowaona kwa karibu tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Louisville, Kentucky

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa sisi tunaofanya kazi, kupanga nyumba au kulea watoto pamoja na vijana wa kiume wa Kimarekani, wale wa miaka 18 hadi 30 hivi, ambao ukitaja siasa tu wanainuka kwenda kununua soda. Naomba tusiwaseme vibaya. Takwimu tumeshazisikia: kwenye uchaguzi wa rais wa 2024 karibu nusu tu ya walio chini ya miaka 30 ndio waliopiga kura, na tangu 1980, kila uchaguzi wa rais, wanawake wa nchi hii hujitokeza kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Ila takwimu haikwambii kijana ana nini kichwani. Hilo tunalijua sisi tunaokula nao mchana.

Naanza mimi. Niko ghalani, shifti ya mchana. Kwenye chumba cha mapumziko maongezi yao ni mpira wao wa Kimarekani, gemu iliyotoka wiki hii na mikeka. Kuna mmoja tunaendesha naye foklifti. Huyu anajua magoti ya wachezaji wote wa NFL, ligi kuu ya mpira huo: nani kateguka, nani kafanyiwa operesheni, nani anarudi baada ya wiki mbili. Ana ligi ya fantasi na wenzake aliosoma nao, na Jumanne usiku hulala kwa kuchelewa akipanga nani amwache na nani amchukue kabla wenzake hawajawahi. Ana daftari la namba, lenye safu na wastani. Mtu wa namna hii huwezi kumwita mvivu wa kufikiri.

Novemba 2023 tulikuwa na uchaguzi wa gavana. Nikamuuliza kama atakwenda. Akasema wote walewale, akarudi kwenye simu. Alikuwa anasuka mkeka wa mechi tano. Nikamwambia: huo mkeka, mwaka jana usingeweza kuuweka kihalali kwenye simu ukiwa hapa Kentucky. Bunge la jimbo kule Frankfort lilipitisha sheria mwezi wa tatu, gavana akasaini, na kubeti kwa simu kukafunguliwa mwishoni mwa Septemba, kuanzia umri wa miaka 18. Akaacha kuskroli. Akauliza, "Nani alipinga?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la siasa nililolisikia kinywani mwake. Tulitafuta pamoja orodha ya maseneta wa jimbo na namna kila mmoja alivyopiga kura, akamkuta wa kwake, akasoma jina kwa sauti. Hakuwahi kulisikia. Bahati mbaya siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa imepita tangu Oktoba, kwa hiyo hakupiga kura. Nilimweleza pia kwamba kwa sheria ya Kentucky mwajiri anatakiwa akupe muda usiopungua saa nne ukapige kura ukiomba mapema, na kwamba kuna siku tatu za kupiga kura kabla, Alhamisi hadi Jumamosi. Hilo ni muhimu, maana vituo vyetu hufungwa saa 12 jioni na wengi ghalani hawalijui.

Ninachoamini mimi ni kwamba hawa hawakukosa akili wala moyo. Wameupeleka moyo kule ambako ukifanya jambo unaona matokeo yake Jumapili hiyohiyo. Leteni ya kwenu.

Mdau, Brooklyn Park, Minnesota

Asante kwa uzi. Mimi ni mama, Mkenya, kazi yangu ni uuguzi. Vijana wangu wamezaliwa hapa, na chumba cha chini ya nyumba yangu hakijawahi kukosa rafiki zao. Aprili 2020, wakati wa Korona, Travis Scott alifanya tamasha ndani ya gemu ya Fortnite. Watu zaidi ya milioni 12 walikuwa humo kwa wakati mmoja. Nilisimama kwenye ngazi nikiwatazama, kila mmoja na hedifoni yake, wanapiga kelele kama wako uwanjani. Nilifurahi, sitawadanganya. Shule zilikuwa zimefungwa na walikuwa wamepata mahali pa kukutana.

Mwezi uliofuata George Floyd akauawa na polisi hapa Minneapolis, na maandamano yakafuatwa na moto. Wale wale vijana walichukua mafagio na makoleo wakaenda Lake Street kusafisha vioo na majivu. Kwa hiyo mtu akiniambia hawajali, namwambia mimi niliwafulia nguo zilizonuka moshi.

Mmoja wao, kijana mzungu aliyekuwa amepanga mjini, Novemba 2021 alipiga kura kwa mara ya kwanza, kwenye swali la kuondoa idara ya polisi ya Minneapolis na kuweka idara mpya ya usalama. Swali likaanguka, asilimia 56 hivi walisema hapana. Sizungumzii nani alikuwa sahihi. Nazungumzia alivyokuja Jumapili, akakaa, akaniambia, "Mama, nilifanya kila kitu mlichosema tufanye." Baada ya hapo ilikuwa gemu mpaka alfajiri, na ukiwasha taarifa ya habari anatoka chumbani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kushindwa nako ni sehemu ya kupiga kura. Tulimpa wimbo wa ushindi tu.

Mwaka uliofuata alihamia mtaa wetu. Siku ya uchaguzi hakuwa na karatasi yoyote yenye anwani mpya, na huku unaweza kujiandikisha palepale kituoni siku hiyohiyo. Sheria ya Minnesota inaruhusu mpiga kura wa kituo kile kuapa kwamba anajua mtu fulani anaishi pale, na unaweza kuwaapia hadi watu wanane. Nikamwambia vaa koti twende. Niliinua mkono mbele ya karani, nikaweka saini chini ya jina lake. Alijaza karatasi polepole sana, anasoma hadi majaji. Akaniuliza mwanasheria wa kaunti anafanya kazi gani. Sikujua, tulikwenda kusoma nyumbani.

Tangu hapo kila uchaguzi ananiuliza tunakwenda saa ngapi. Gemu bado anacheza, na mimi sioni shida.

Mdau, Newport News, Virginia

Mimi nina kimoja tu, ila ni kizito, na vijana ninaofanya nao kazi bandarini hunyamaza nikiwasimulia kwa sababu kilitokea kwao.

Novemba 2017 kiti cha baraza la wawakilishi la jimbo, wilaya ya 94, hapa Newport News, kiligombewa na David Yancey wa Republican na Shelly Simonds wa Democrat. Walipohesabu upya Simonds akaongoza kwa kura moja. Kisha majaji wakaikubali karatasi moja iliyokuwa na ubishi, ambayo mpiga kura alikuwa amejaza viduara vyote viwili halafu akachora mstari juu ya kimoja. Ikawa 11,608 kwa 11,608. Tarehe 4 Januari 2018, kule Richmond, majina yao yakatiwa kwenye vikopo vya kuwekea filamu za kamera, vikopo vikawekwa ndani ya bakuli la kauri, mtu akaingiza mkono. Likatoka la Yancey, na chama chake kikabaki na baraza zima kwa viti 51 dhidi ya 49.

Huwa siwaambii "nendeni mkapige kura". Nawauliza tu siku ile walikuwa wapi. Mmoja alinijibu kwamba alikuwa nyumbani, mtaa wa pili kutoka kituoni, anacheza NBA 2K.

Mdau, Houston, Texas

Wakuu, naomba nipingane kidogo. Hawa vijana siasa wanaipata, tena nyingi, ila haiji na jina la siasa. Niliishi na mmoja chumba cha jirani, fundi wa viyoyozi. Televisheni hana, gazeti hajui. Ila akiwa juu ya paa na jua la hapa anasikiliza podikasti saa nane kwa siku: mieleka, uwindaji, vichekesho, vyakula vya mazoezi. Oktoba 2024 Trump alikwenda Austin kwa Joe Rogan, mwenye podikasti kubwa, wakaongea karibu saa tatu. Mpinzani wake, Kamala Harris, hakwenda. Jirani yangu alisikiliza yote akiwa kazini, jioni akanieleza habari za ndondi na za viumbe kutoka anga za mbali, na katikati yake ushuru wa bidhaa. Akaenda kupiga kura, mara ya kwanza maishani.

Usikubaliane na kura yake kama hutaki. Mimi ninachosema ni kwamba kuna mtu alimfuata alipo, kwa lugha yake, bila kumharakisha. Waliobaki walimsubiri kwenye mdahalo ambao haangalii. Na mwaka ule wanaume vijana walielemea kwa Trump zaidi kuliko walivyofanya 2020, kwa hiyo jirani yangu hakuwa peke yake.

Mdau, Des Moines, Iowa

Nawasalimu ndugu zangu. Sisi tulitoka Congo tukapitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mpwa wangu alipotimiza miaka 18 hapa, alitakiwa ajiandikishe kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Hata sisi wakimbizi, wanaume wa miaka 18 hadi 25, ni lazima. Alijaza kwenye simu huku gemu ya vita imesimama kwenye skrini akingoja kuendelea. Roho yangu iliniuma, maana vita tunavijua.

Jirani yetu ni mzee Mmarekani. Nilipomsimulia, akanieleza usiku wa tarehe 1 Desemba 1969. Alikuwa na miaka 19, bwenini, vijana wote wamezunguka televisheni moja. Kule Washington vidonge vya plastiki vya buluu, 366, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa, vilitiwa kwenye chombo cha kioo, vikaanza kutolewa kimoja kimoja. Tarehe ya kwanza ilikuwa Septemba 14. Anasema aliyezaliwa siku hiyo bwenini mwao alitoka nje bila koti. Walikuwa na umri wa kupelekwa Vietnam na hawana umri wa kupiga kura, ambao kwenye majimbo mengi ulikuwa 21. Marekebisho ya 26 ya Katiba, ya kuushusha hadi 18, yalikuja 1971.

Mzee yule hawalaumu vijana wa leo. Anasema wao siasa iliwafuata bwenini na tarehe zao za kuzaliwa mkononi. Sasa kijana anajaza fomu, haji mtu.

Mdau, Fort Worth, Texas

Shikamooni wote. Mimi nina miaka 23, wazazi wangu wametoka Bujumbura, mimi nimezaliwa hapa. Mnaowazungumzia ni rafiki zangu, na ni mimi pia. Naomba niseme kwa upande wetu.

Mchana napeleka mizigo, jioni nasoma chuo cha jamii, usiku saa mbili hizi ni anime au Call of Duty na watu sita niliowafahamu tangu shule ya kati. Mmoja baba yake alifariki mwaka jana. Tulikaa naye hewani usiku kucha tukicheza bila kuongea mengi. Huko najua nina faida kwa mtu. Siasa kwetu ni watu wazima wanaogombana, na ukikosea neno moja unakatwa pande zote.

Halafu angalieni Texas yenyewe. Tangu 1994 hakuna Democrat aliyeshinda cheo cha jimbo zima. Mwaka 2025 bunge la jimbo lilichora upya mipaka ya viti vya Congress, katikati ya muongo, kusudi Republican waongeze viti vitano. Kujiandikisha kwa mara ya kwanza kwa kawaida huwezi kumalizia mtandaoni: uchapishe fomu, utie saini kwa kalamu, uipeleke au uiweke posta siku 30 kabla. Kati ya sisi sita hakuna mwenye printa.

Mwanzisha uzi, ule mkeka umenigusa. Kwetu ni taa za uwanja wa kikapu. Zimezima muda mrefu, na nimekuja kugundua zinaamuliwa na baraza la jiji, ambalo uchaguzi wake hufanyika Jumamosi ya mwezi wa tano na watu wachache sana wanakwenda. Fomu nimeichapisha maktaba, yangu na ya wawili. Kwa diwani nitakwenda, kwa sababu najua namdai nini. Kwa gavana bado sijaona. Mwenye mfano wa Texas, wa mtaa wowote, ambapo kura chache zilibadili kitu, auweke hapa niwaonyeshe hao watatu waliobaki.