Re: Ufadhili wa utafiti wa hifadhi ya mimea: nimekataliwa mara mbili

Wapendwa, habari za jioni. Nina miaka 31, namalizia shahada ya uzamili huku ugenini, na kazi yangu kwenye taasisi ya utafiti nyumbani bado inanisubiri. Natafuta ufadhili wa miezi sita kwenye benki ya mbegu nichunguze kunde za kienyeji na jamaa zake za porini. Nimeomba mara mbili na kukataliwa mara mbili, bila maelezo. Dada wa mbegu, shikamoo. Nimeambatisha andiko langu, naomba uniambie wasifu wangu una kasoro gani.

---

Marahaba, mdogo wangu. Andiko nimelisoma lote, na wasifu wako hauna kasoro. Shida ni kwamba umeandika kana kwamba mbegu zitakufuata zenyewe. Hukusema kunde hizo ziko mikononi mwa nani, nani ataruhusu zitoke, wala zitaishia wapi ukishamaliza. Mimi ningekuwa msomaji wa maombi hayo ningekwama hapo hapo.

Nakuambia kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Ufadhili wangu wa kwanza ulikuwa wa miezi sita kama unaoutaka wewe. Nilifika na cheti cha usafi wa mimea kutoka nyumbani, nikadhani nimekamilisha kila kitu. Kumbe kulihitajika pia kibali cha kuingiza mbegu, kinachotolewa na nchi mwenyeji, na kinatakiwa kiwepo kabla mzigo haujaondoka. Pakiti zangu zilizuiwa wiki saba kwenye chumba chenye joto na unyevu. Zilipotoka, nyingi hazikuota. Mbegu zile nilikabidhiwa na wakulima kwa mikono yao, na wengine hawakuwa wamebakiza za ziada. Hadi leo hilo linaniuma kuliko ile miezi niliyopoteza.

Kwa hiyo anzia kwenye sheria. Bahati yako ni kwamba kunde zimo katika orodha ya mazao 64 ya Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004. Sampuli ikiwa kwenye hifadhi iliyo chini ya mkataba huo, husafiri kwa Mkataba Sanifu wa Uhamishaji wa Nyenzo. Maneno yake ni yale yale kwa kila mtu, hivyo hamna haja ya kujadiliana vipengele miezi na miezi. Mwenzako mwenye karanga, soya au nyanya hana njia hiyo ya mkato, maana hazimo kwenye orodha. Lakini wewe nawe ukisema utakwenda kuchuma mbegu mpya porini, sheria za nchi husika ndizo zitakazotawala: kibali cha kukusanya na, pale Itifaki ya Nagoya (makubaliano ya kimataifa kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki) inapotumika, ridhaa na makubaliano ya mgawanyo wa manufaa. Hiyo peke yake inaweza kumeza ufadhili mzima.

Ndiyo maana nakushauri utumie sampuli zilizokwisha kuhifadhiwa. Mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani wa kunde uko IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, nchini Nigeria, sampuli zaidi ya 15,000. Fungua tovuti ya Genesys, inayoorodhesha sampuli za benki za mbegu duniani, utafute zilizotoka nchi yako. Utaona namba ya kila sampuli na inakohifadhiwa. Wengi wetu tukisikia ufadhili tunawaza Ulaya tu. Kwa zao lako, utaalamu na mbegu vyote viko Afrika.

Pili, andiko lako lina mambo matatu makubwa ndani ya miezi sita: kuzidisha mbegu shambani, kupima DNA na kupima uotaji. Chagua moja. Hata Ufadhili wa Vavilov-Frankel, ulioanzishwa mwaka 1989 kwa wanasayansi vijana wa nchi zinazoendelea, ulikuwa wa miezi mitatu hadi mwaka mmoja, na msimu mmoja ukiharibika hakuna wa kufidia. Mimi ningechukua ukaushaji na uotaji. Mbegu za kunde hukubali kukaushwa na kugandishwa, tofauti na za kakao au parachichi ambazo zikikauka zinakufa. Benki huzihifadhi kwa takriban nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini kazi kubwa hufanywa na ukavu: kwa kanuni ya Harrington, kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake yanakaribia kuongezeka maradufu. Ujuzi huo utautumia nyumbani hata umeme ukikatika. Mashine ya kusoma vinasaba utaiacha huko huko.

(Vavilov mwenyewe, mwanasayansi wa Kisovieti aliyekusanya mbegu kutoka pembe nyingi za dunia, alifia gerezani Saratov mwaka 1943, na wenzake kadhaa waliokuwa wakilinda mkusanyo wake Leningrad, mji ulipozingirwa na Wajerumani, walikufa kwa njaa na mbegu zikiwa ndani ya jengo. Huwa nawakumbuka nikishika pakiti ya mbegu.)

Kuhusu maisha: uliza kwa maandishi kama nauli na bima vinalipwa mapema au unarudishiwa baadaye, na posho ya kwanza inaingia lini. Uwe na akiba ya mwezi mzima pamoja na amana ya nyumba. Mwajiri wako akupe barua ya ruhusa inayotaja mshahara wako. Ahadi ya mdomo usiitegemee.

---

Asante sana dada. Nimeingia Genesys usiku huu na sampuli za kwetu nimezikuta, hata za porini! Nimwandikie mkuu wa benki sasa au nisubiri tangazo la ufadhili?

---

Mwandikie sasa. Tangazo likishatoka, muda wa kupata barua ya mwenyeji huwa mfupi mno. Nusu ukurasa tu: namba za sampuli unazotaka, swali lako moja, miezi mingapi, na nani nyumbani atapokea matokeo pamoja na mbegu zitakazobaki. Muulize pia kibali cha kuingiza huchukua muda gani iwapo utahitaji kuleta chochote. Nitumie rasimu kabla ya Jumapili, tuipitie pamoja.