Mrejesho: Kongamano la wasimamizi wa maghorofa, nilienda

Wakuu, salaam. Niliuliza hapa kama inalipa msimamizi wa apatimenti kama mimi kujigharamia kiingilio cha kongamano la wasimamizi wa majengo, Dar. Nimeenda, na nawashukuru sana mlionisukuma.

Hotuba za ufunguzi tuziache. Uhondo ulikuwa kwenye mada ya michango. Mwanasheria alitupitisha kwenye sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo: wamiliki wanakuwa na chama chao, na mchango wa kuendesha jengo unafuata hisa ya kila mmoja, yaani sehemu yake ya umiliki kwenye jengo. Kwetu mwenye chumba kimoja na mwenye vyumba vinne wanatoa sawa, ndiyo maana ugomvi wa hela ya lifti hauishi!

Halafu dada mmoja anayesimamia jengo Masaki alinifungulia daftari lake la pampu ya maji: tarehe, mlio ulipobadilika, fundi aliyeitwa, kifaa kilichobadilishwa. Fundi wa kumbambikia bei hapo anaanzia wapi? La kwangu nimeshalianza.

Hoja ya hisa naipeleka kikao kijacho. Waliowahi kubadili mfumo, wenye nyumba kubwa mliwaelezaje wakaelewa?