Miembe yetu imekatwa na wazee wamefungiwa ndani na jua: nani aliidhinisha?

Ndugu wanajamvi, nina hasira na nataka majibu. Miembe iliyoshikana matawi kando ya barabara ya mtaa wetu hapa Tabora imekatwa yote kupisha mtaro na vitofali vya kutandaza, na tangu Septemba ilipoingia, mvua za Novemba zikiwa bado mbali, hakuna mzee anayethubutu kuketi nje kuanzia saa nne asubuhi hadi jua lipungue.

Tulipolalamika tuliambiwa kwamba itapandwa mingine, ya mapambo. Mapambo ya nini? Chini ya miembe ile ndipo lilipochezwa bao, ndipo kahawa ilipouzwa, na ndipo wajane waliokuwa wakichambua mboga walipojua nani ameamka na homa na nani hajaonekana tangu jana. Jirani yangu, mstaafu wa reli ambaye watoto wake wote wako Dar es Salaam, sasa anashinda na redio yake chini ya bati lisilo na dari. Jioni nayo haimsaidii, kwa kuwa saruji na lami hutema usiku joto zililolimeza mchana. Mwembe hautoi kivuli peke yake. Majani yake hutoa mvuke unaoipoza hewa, kazi ambayo kitofali hakiiwezi.

Wanaodhani tunalilia starehe wasome yaliyotokea Chicago, Marekani, Julai 1995, joto la siku chache lilipoua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili inayopakana, yote ikiwa na wazee maskini wengi, akakuta kwamba ule wenye maduka na pilikapilika za watu barabarani ulizika wachache mno kuliko ule uliohamwa. Sisemi joto letu linafikia lile. Nasema kwamba wenzetu waliokuwa na umeme na magari ya wagonjwa walikufa kwa kukosa mtu wa kuwabishia hodi, na sisi tuliokuwa naye tumemfukuza kwa msumeno.

Hivi ni mhandisi gani aliyeshindwa kuupinda mtaro kidogo ukakwepa shina? Mwenye nyaraka za mradi azibandike hapa tuone sahihi ni ya nani. Miche ya miembe ipandwe mvua zikianza, na gharama ya kuimwagilia kiangazi ibebwe na aliyekata.