Rails: kupokea baruapepe za Amazon SES kupitia Action Mailbox

Muulizaji

Habari wakuu. Nina programu ya Rails 7.1 inayopokea baruapepe za wateja kwa Action Mailbox (sehemu ya Rails ya kupokea baruapepe) kupitia Postmark (huduma ya baruapepe). Tunataka kuhamia Amazon SES (huduma ya baruapepe ya AWS, wingu la Amazon), ila SES haimo kati ya watoa huduma wanaokuja na Rails: wapo Mailgun, Mandrill, Postmark, SendGrid na mlango wa `relay` wa Postfix, Exim na Qmail. Nimeandika `SesController` inayorithi `ActionMailbox::BaseController`, nikaweka `config.action_mailbox.ingress = :ses`. Kila ombi linarudi 404, ingawa `rails routes` inaonyesha njia ipo. Tatizo nini?

Jibu la 1

Mkuu, njia yako ni nzima. Hiyo 404 inatoka kwenye `ensure_configured`, ambayo hulinganisha ulichoweka kwenye `ingress` na jina la klasi yako. Rails hukata `ActionMailbox::Ingresses::` mwanzoni na `::InboundEmailsController` mwishoni, kisha hugeuza kinachobaki kuwa herufi ndogo. Jina lako linatoka `:ses_controller`, halilingani na `:ses`.

Weka faili kwenye `app/controllers/action_mailbox/ingresses/ses/inbound_emails_controller.rb`:

```ruby
class ActionMailbox::Ingresses::Ses::InboundEmailsController < ActionMailbox::BaseController
  before_action :thibitisha_saini

  def create
    ActionMailbox::InboundEmail.create_and_extract_message_id!(barua_ghafi)
    head :no_content
  end
end
```

Na kwenye `routes.rb`:

```ruby
post "/rails/action_mailbox/ses/inbound_emails",
  to: "action_mailbox/ingresses/ses/inbound_emails#create"
```

`barua_ghafi` lazima irudishe MIME (barua ghafi pamoja na vichwa na viambatisho) nzima kama ilivyopokelewa. Ukijaribu kuijenga upya kutoka vipande vya JSON utapoteza viambatisho na vichwa.

Jibu la 2

Hapo kwenye `thibitisha_saini` ndipo wengi huharibu. SES haikupigii moja kwa moja, inapitia SNS (huduma ya AWS ya kusambaza arifa), na SNS hutuma JSON ikiwa na `Content-Type` ya `text/plain`. Kwa hiyo `params` itakuwa tupu; soma `request.raw_post`. Mpe `Aws::SNS::MessageVerifier` maandishi hayo kwa `authentic?`, kisha hakikisha `TopicArn` (kitambulisho cha mada, yaani chaneli ya SNS) ni yako. Saini peke yake haitoshi, kwa sababu mtu yeyote mwenye akaunti ya AWS anaweza kutuma ujumbe wenye saini halali kutoka mada yake mwenyewe.

Ujumbe wa kwanza wa SNS ni `SubscriptionConfirmation` (ombi la kuthibitisha usajili). Fungua `SubscribeURL` baada tu ya kuhakiki, la sivyo unaipa seva yako kazi ya kufungua anwani za watu usiowajua. Zima pia "raw message delivery", maana ikiwashwa saini haimo tena kwenye mwili wa ombi.

Kuhusu barua yenyewe: kitendo cha SNS ndani ya SES kina ukomo wa KB 150, picha moja ya simu inakivuka. Tumia kitendo cha S3 (hifadhi ya faili ya AWS) kinachoarifu SNS, kinafika MB 40. Ndani ya `Message` (nayo ni JSON, ichambue tena) utakuta `receipt.action.bucketName` na `objectKey`. Vuta faili hapo.

Muulizaji

404 imeondoka, asanteni sana. Siku za kuhama naweza kuacha Postmark na SES zote wazi? MX (rekodi ya DNS inayosema barua zipelekwe wapi) ya zamani itakaa kwenye kache za watu kwa muda.

Jibu la 1

Ndiyo. `ingress` inapokea jina moja tu, basi iache `:postmark`, na kwenye kontrola ya SES weka `skip_before_action :ensure_configured`. Saini inabaki kuwa ulinzi wako.

Jibu la 2

Nyongeza mbili. SNS isipojibiwa ndani ya sekunde 15 hutuma tena. Usiogope nakala: jedwali la barua zilizopokelewa lina faharasa ya kipekee ya `message_id` pamoja na `message_checksum` (hashi ya barua nzima), nakala yenye baiti zilezile hutupwa kimya. Ndiyo maana usiongeze kichwa chenye saa au namba ya bahati nasibu juu ya barua, kwani hashi itabadilika na mteja atajibiwa mara mbili.

Kichwa cha kuongeza ni `X-Original-To`, mstari mmoja kwa kila anwani iliyomo kwenye `receipt.recipients`. Bila hicho, barua iliyotumwa kwa Bcc haionyeshi ilikuwa ya nani na uelekezaji wako utaikosa.