Wazazi wa Massachusetts, nyumba ikiwa yako na kesi ni yako

Msimu wa mahafali umefika na upuuzi ni uleule. Kuanzia Lowell hadi Worcester, Jumamosi ikifika kuna nyama choma uani, boksi la barafu limejaa bia mlangoni mwa gereji, na vijana wa miaka 16 na 17 wanajichukulia wenyewe huku watu wazima wakitazama. Ukiuliza unajibiwa: "Afadhali wanywe hapa tukiwaona, na funguo za magari tumeshazichukua." Jibu hilo limenichosha. Wanaolitoa ni watu wenye akili zao, wameishi nchi hii miaka, na bado hawajasoma sheria ya jimbo lao.

Isomeni basi. Sura ya 138, kifungu cha 34. Tangu mwaka 2000, kosa si kumnunulia au kumpa pombe tu mtu aliye chini ya miaka 21. Kumruhusu awe nayo kwenye mali unayoimiliki au kuisimamia ni kosa pia. Faini ni hadi dola 2,000, au jela hadi mwaka 1, au vyote viwili. Mpangaji haponi, maana nyumba iko mikononi mwake. Na hizo funguo mnazojivunia hazifuti chochote. Mwendesha mashtaka anatakiwa aonyeshe kwamba ulijua watoto wanakunywa, na wewe mwenyewe umeshamkusanyia ushahidi: zile funguo kwenye bakuli juu ya friji.

Walioachwa nje ya kosa hilo ni watoto wako na wajukuu wako, basi. Hapa ndipo jamii yetu inapojikaanga. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, wa shemeji ni wako, na yule uliyemsimamia ubatizo pia ni wako. Mahakamani wote hao ni watoto wa watu. "Mimi ni baba yake mdogo" si utetezi.

Kuna wanaosambaza habari ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo wa mwaka 2012 kana kwamba ni ruhusa. Kesi ile ilikuwa ya fidia. Mahakama ilikataa kumlipisha mwenyeji ambaye wageni walikuja na pombe yao wenyewe. Kosa la jinai la kuruhusu halikuguswa. Na pombe ikiwa yako, uamuzi huo haukukingi hata kwenye fidia: mtoto akitoka kwako amelewa akagonga mtu, jiandae kushtakiwa.

Kwa wasio raia ni kubaya zaidi, na hili halisemwi vya kutosha. Mara nyingi wakili hukutafutia mpango huu: unakiri kwamba ushahidi unatosha, kesi inaahirishwa bila kukutia hatiani, unatimiza masharti, inafutwa. Kwa jimbo, huna hatia. Kwa sheria ya uhamiaji ya serikali kuu, kukiri huko pamoja na masharti uliyowekewa vinahesabiwa kuwa hatia. Fomu ya N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, haiishii kwenye kufungwa. Umehangaikia kadi ya ukaazi miaka yote hiyo, uje uitie doa kwa kreti ya bia?

Tuje kwenye pombe yenyewe. Kipimo kimoja cha Marekani ni gramu 14 za alkoholi: bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au pombe kali mililita 44 yenye asilimia 40. Kile kikombe chekundu cha plastiki kinabeba takriban mililita 530. Kijana akimimina vodka mililita 200 kisha akajaza juisi, hapo kuna vipimo vinne na nusu, na yeye atakwambia amekunywa "kikombe kimoja". Ini huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa. Kahawa haiongezi kasi, wala maji baridi. Kwa dereva aliye chini ya miaka 21 jimbo hili huchukulia hatua kuanzia asilimia 0.02 ya alkoholi kwenye damu, wakati kwa mtu mzima ni 0.08. Kwa hiyo aliyelala kwako saa saba usiku ukamrudishia funguo saa kumi na moja alfajiri anaweza kuwa bado yuko juu ya kiwango.

Anayetaka sherehe na aifanye sawasawa. Boksi la barafu la watoto liwe na soda na maji tu. Pombe ya wakubwa ikae ndani, chumba kimoja, na mtu mzima mmoja asiyekunywa ndiye amimine, tena kwa aliyemwona uso. Kujihudumia ndiko kunakoharibu kila kitu. Gereji na chumba cha chini ya nyumba vikaguliwe kila nusu saa, maana huko ndiko wanakojificha. Chupa za maji zinazotoka kwenye mabegi zinuswe. Kijana akitoka kwenda kwenye gari asirudi ndani, kwa sababu akiba iko kwenye buti. Akija amelewa tayari, mpigie mzazi wake hapo hapo na umweke hadi achukuliwe.

NYONGEZA, kwa mnaouliza kuhusu aliyezimika. "Mwacheni alale" ndiyo kauli inayoua. Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amezimika. Akiwa haamki ukimtikisa, anatapika bila fahamu, ngozi ni ya baridi au ya bluu, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au sekunde 10 zinapita kati ya pumzi na pumzi, piga 911. Mlaze ubavu, kaa naye, usimpe chakula wala kitu cha kunywa. Wahudumu wakifika waambie amekunywa nini, kiasi gani na tangu saa ngapi, hata kama chupa ni yako.