Mbio za farasi za "ridhaa" huku Ireland: ridhaa ya nani? Nimechoka!

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu kidogo, kama farasi si mambo yako pita tu. Modi, tafadhali usiuunganishe na uzi wa kubeti, hapa sizungumzii mikeka.

Mimi nilianza kazi Ngong kama saisi, yaani mtunza farasi. Sasa nina miezi saba Wexford, Ireland. Kwenye kibali cha kazi naitwa mpanda mazoezi, ila kinyesi nazoa kama kawaida. Banda letu linaandaa farasi wa miaka minne ambao hawajawahi kushinda, wanaokwenda kwenye mbio za pointi-tu-pointi. Kwa msiozijua, hizo ni mbio za ridhaa za kuruka viunzi. Klabu za wawindaji ndizo zinaziandaa, wikendi, kwenye shamba la mtu: kamba na vigingi, magari yamezama kwenye tope, maili tatu hivi za kukimbia na kuruka. Mpandaji halipwi. Farasi naye lazima awe na cheti cha klabu ya uwindaji. (Wetu wa juzi cheti anacho, kisafi kabisa. Mbweha, ambaye ndiye huwindwa, hajawahi kumwona hata kwenye katuni.)

Wenyeji hupenda kukusimulia habari za mwaka 1752, Edmund Blake na Cornelius O'Callaghan walivyoshindana kutoka Buttevant hadi Doneraile, huko Cork, wakilenga minara ya makanisa. Wanaume wawili, farasi wawili, ubishi mmoja. Sawa, ile ilikuwa ridhaa, sina neno.

Sasa njooni Jumapili iliyopita. Saa kumi alfajiri niko bandani na tochi mdomoni, nasuka singa za farasi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Saa nne tuko uwanjani. Namzungusha, tope limenifika kwenye ugoko, farasi anarusharusha kichwa kwa sababu hajawahi kuona watu wengi hivi. Akashinda, tena kwa mbali, kashika masikio mbele tangu kiunzi cha mwisho kama anakwenda kunywa maji. Kabla sijamfungua tandiko, mabwana wawili wenye kofia wako pembeni wanaongea na simu huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Wiki haijaisha farasi kauzwa, kwa hela ambayo Kitengela ingenijengea nyumba na kuizungushia ukuta.

Nikauliza taratibu kuhusu malipo ya Jumapili. Nikajibiwa, kwa tabasamu kabisa: hizi ni mbio za ridhaa bwana, sote tunakuja kwa mapenzi. Nikapewa sandwichi ya nyama na bahasha ya yuro 50.

MAPENZI!

Wakuu, mmeona wapi ridhaa yenye mnada? Farasi Envoi Allen alikimbia mbio hizi za mashambani mara moja tu, Ballinaboola, Februari 2018, akashinda, na mwezi huohuo akanunuliwa Cheltenham, uwanja mkubwa wa mbio huko England, kwa pauni 400,000. Jonbon, mwaka 2020, naye alishinda mara moja, Dromahane, akaenda kwa pauni 570,000. Pale Cheltenham mnada wenyewe unapigwa palepale uwanjani wanapopokelewa washindi. Hili ni soko la ng'ombe, ila wanunuzi wamevaa tai.

Sisemi mbio hizi hazina faida. Ni shule, na ni shule nzuri. Mkufunzi wa farasi Henrietta Knight alimwona Best Mate kwenye mbio kama hizi Lismore mwaka 1999, siku ambayo farasi hata hakumaliza, lakini akampenda hivyohivyo. Farasi huyo akaja kuchukua Gold Cup, mbio kubwa za Cheltenham, mara tatu mfululizo, 2002, 2003 na 2004. Denman, bingwa wa 2008, pia alipita mashambani. Kwa hiyo mabanda makubwa ya kulipwa yanaokota wanafunzi waliokwisha kufundishwa kuruka, na aliyewafundisha analipwa vizuri. Hapo sina wivu. Swali langu ni kwa nini mimi niliyemshika kamba ndiye pekee niliyebaki kwenye ridhaa.

Halafu angalieni upande wa pili. Cheltenham kulikuwa na National Hunt Chase, mbio zilizoanza mwaka 1860, za wapandaji wa ridhaa. Mwaka 2025 wakazifungua kwa majoki wa kulipwa, na mara hiyohiyo ya kwanza akashinda joki wa kulipwa, Ben Jones, juu ya Haiti Couleurs. Yaani kukiwa na jukwaa kubwa, ridhaa wasogee wapishe weledi. Kukiwa na mshahara wa Jumapili wa kulipa, ghafla sote ni ridhaa.

Najua kuna mtu atakuja na Sam Waley-Cohen, wa ridhaa, aliyeshinda Grand National, mbio maarufu za viunzi za England, mwaka 2022 na Noble Yeats kwa odi za 50 kwa 1. Kweli, na farasi alikuwa wa baba yake. Patrick Mullins naye kaichukua 2025 na Nick Rockett, anayefundishwa na baba yake, Willie. Ni wapandaji hodari, sheria inawaruhusu, na yule Patrick ukimwona anavyokaa juu ya farasi unanyamaza. Lakini hapa kijijini kuna kijana anakamua ng'ombe wa kwao saa kumi na moja, anakuja kwetu kupanda farasi watatu mazoezini, kisha anakwenda kazini kwenye duka la mbao. Hana baba mwenye farasi. Zile mbio za Cheltenham, National Hunt Chase, alikuwa ameziweka kwenye simu kama picha ya mbele. Siku walipotangaza mabadiliko, aliingia bandani akachukua fagio bila salamu.

Sitaki mbio zifutwe. Nataka farasi akiuzwa kwa bei ya biashara, saa zangu nazo zihesabiwe kwa bei ya biashara. Kuna mdau yuko England au Ireland kwenye mabanda? Kwenu Jumapili wanalipaje?

NYONGEZA: Aliyeandika "si uache kazi", mkuu, kibali changu kina jina la mwajiri. Na anayeuliza kama nimelalamika kwa maandishi: bado. Ratiba imebandikwa jana, Jumapili nimepangwa tena, farasi wawili safari hii. Bahasha sijui itakuwa moja au mbili.