Ruaha Mkuu: mnapima mita 60 za ukingo wakati maji yenyewe yameishia kwenye mabanio

Wakuu, nimechoka na leo nasema bila kuzunguka. Kila kiangazi Ruaha Mkuu ukikauka, anasimama mtu na kipaza sauti kutuambia kwamba sheria iliyopo haitoshi, itungwe kali zaidi, ukanda wote wa mto utangazwe kuwa ardhi ya hifadhi, waliomo waondoke. Makofi yanapigwa, magari yanaondoka, mto unabaki mchanga. Mwaka unaofuata tunaanza upya.

Nielewekeni mapema. Nataka mto huu ulindwe kisheria pengine kuliko hao wenye vipaza sauti. Ninachokataa ni sheria inayolinda ukingo na kuyaacha maji.

Hebu tuangalie tulichonacho. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu, pamoja na ardhi oevu ya Ihefu, likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hifadhi ikafikisha zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule. Ardhi ya hifadhi tunayo, tena ya daraja la juu kabisa, yenye askari na silaha. Mto unakaukia humohumo ndani. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya matope, ndani ya hifadhi, penye ulinzi wote huo. Anayesema tunachokosa ni ardhi ya hifadhi anieleze hapo.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ukakatika ndani ya hifadhi, na tangu hapo kukatika kukawa jambo la kila kiangazi, wiki zikageuka miezi. Kilichobadilika ni nini? Watafiti waliokaa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 walilifuatilia hili kwa vipimo, na jibu lao halikupendeza wengi: maji ya kiangazi yanachepushwa kwenye mabanio ya juu, yaani vizuizi vinavyoyageuzia kwenye mifereji ya mashamba, kabla hayajafika Ihefu.

Hapa pana jambo ambalo wanaotoa matamko hawaligusi. Ihefu ni kama beseni lenye mdomo wa mwamba, pale Ng'iriama. Maji ya mito ya Usangu yanaingia, yanatuama, na yakipanda juu ya ule mwamba ndipo Ruaha Mkuu unaendelea kwenda hifadhini na kuelekea bwawa la umeme la Mtera. Yakishuka chini ya mwamba, hata kwa kimo kidogo tu, hakuna kinachotoka. Kwa hiyo huhitaji kuiba mto mzima ili uuue. Kiasi kidogo kinachopungua Septemba, mwezi ambao mto wenyewe umeshakonda, kinatosha kufunga mlango wote. Unaweza kupanda miti mita 60 kila upande kutoka Ng'iriama mpaka Mtera, ukafyeka kila kibanda, na usipate tone.

Mabanio ya zamani ya wakulima yalikuwa ya mawe, miti na majani. Yalivuja, mengine yakisombwa na mafuriko, na maji mengi yaliendelea na safari yake. Kisha zikaja skimu kubwa, mashamba ya serikali ya Mbarali na Kapunga, halafu miradi ya kuboresha mabanio ya wakulima kwa zege na milango ya chuma. Nia ilikuwa njema na mpunga ukaongezeka kweli. Mwaka wa mvua nzuri Usangu hulima hekta 40,000 hivi. Lakini banio la zege lina uwezo wa kuchukua karibu kila kitu kilichomo mtoni wakati wa kiangazi. Mpunga umeshavunwa, majaruba hayana zao, na mfereji bado umejaa. Maji yanapotelea njiani, yanatuama mashambani na kukauka na jua. Hili ndilo linanipandisha hasira kuliko yote, maana hayo maji hayamlishi mtu yeyote.

Alilaumiwa nani? Mfugaji. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na ng'ombe wao, familia zikasambaa mpaka mikoa ya kusini, mifugo ikafa njiani. Sisemi makundi makubwa ya ng'ombe hayakuumiza ile ardhi oevu, yaliiumiza. Ila tuliambiwa wakitoka mto utarudi, na haukurudi. Baadaye ikafika zamu ya wenye vinyungu huku nyanda za juu, watu wenye vipande vya maharage na mahindi mabichi bondeni, ndio chakula chao cha miezi ya njaa. Wanafyekewa kwa kifungu cha mita 60. Na wanaokuja kupima hawakubaliani hata ukingo unaanzia wapi, kwenye maji ya Oktoba au pale mafuriko ya Machi yanapofika. Leo umo ndani ya sheria, kesho umevunja, hujasogea hatua.

Wakati huohuo mwenye banio ana kibali chake mkononi. Kibali kinataja lita kadhaa kwa sekunde, na mto wa Februari na mto wa Oktoba havilingani hata kidogo. Kiasi ambacho masika hakionekani, kiangazi ndiyo mto wote. Niliwahi kwenda ofisi moja inayohusika kuuliza nani hufunga milango ya mabanio mto ukishuka. Nikatumwa meza hii, meza ile, mwisho nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Jibu sijapata mpaka leo.

Ahadi zipo tele. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alisema Tanzania itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ikapita 2010. Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi cha kitaifa cha kuunusuru. Na Sera ya Maji ya 2002 ilisema bayana kwamba baada ya maji ya matumizi ya watu, yanayofuata ni ya mazingira, kisha ndiyo mengine. Kwenye karatasi mto uko wa pili. Kule Usangu unapewa yaliyobaki, na hayabaki.

Kwa hiyo kama kuna anayeandika sheria ya ukanda wa mto, aanze na maji. Itajwe kiasi ambacho lazima kipite Ng'iriama kila mwezi, kipimwe, kibandikwe hadharani kila wiki. Kibali cha umwagiliaji kitoe sehemu ya kilichomo mtoni, mto ukipungua nacho kipungue, kwa mkulima mdogo na kwa shamba kubwa sawasawa. Baada ya mavuno milango ifungwe.

Najua mtanijibu kwamba kuna vijiji vinavyokunywa maji ya mifereji hiyo. Ni kweli, na ndiyo maana kufunga kwa amri tu kutaumiza watu. Wachimbiwe visima, wavutiwe mabomba kwanza. Kusukuma mfereji mzima wa maji kilomita nyingi ili ndoo chache zifike kijijini ni hasara ambayo visima vinaiondoa, na gharama yake haifanani hata kidogo na umeme unaokosekana Mtera na Kidatu. Tulikaa gizani mwaka 2006, sijui kama tumeshasahau.

Baada ya hapo njooni na ukanda wenu, nami nitawaunga mkono. Upimwe, uwekwe bikoni, utangazwe kwenye Gazeti la Serikali ili kila mtu ajue mpaka uko wapi, na atakayehamishwa alipwe kabla tingatinga halijawashwa.

Walioko Rujewa, Madibira, Kapunga, na nyie wa Pawaga na Idodi mnaosubiri maji huku chini: wekeni hapa hali ya mto kwenu wiki hii. Banio la karibu nawe limefunguliwa au limefungwa? Mfereji una maji? Shambani kuna zao? Picha iwe na tarehe. Wa Mtera nanyi semeni kina kikoje. Nitakusanya zote kwenye uzi huu na kuziambatanisha na barua ya pili.